Siku Tulipomwinua Yaya Kutoka Mkekani

Dada yangu mkubwa hucheka kwa mkono. Kicheko kikimpanda, lazima ampige mtu: begani, pajani, mgongoni, popote mkono utakapoangukia. Ndiyo maana katika ukoo wetu kila anayemjua huangalia kwanza yeye amekaa wapi, kisha huvuta kiti. Kwenye harusi yake mwenyewe alimpiga bwana harusi hadi soda ikamwagika juu ya shati jeupe. Bwana harusi, shemeji yangu, akasogeza kiti chake kidogo mbele ya wageni wote, na wageni wakampigia makofi kwa kuwa amejifunza mapema.

Kwetu Kolwezi dada mkubwa huitwa yaya, na mimi sijawahi kumwita vingine. Nilibebwa mgongoni mwake nikiwa mchanga, na nilipokua nikahamia nyumbani kwake. Riwaya yangu ya kwanza niliiandika kwenye meza yake ya kulia, kati ya chupa ya mafuta ya mawese na sufuria za jana. Kila nilipokwama nilisubiri acheke huko uani na mtu fulani alie "aïe!", kisha sentensi ikanijia.

Halafu kicheko kikanyamaza.

Mtaa wetu umejengwa juu ya madini, na hilo linajulikana kwa kila mtu. Kuna sebule zenye zulia zuri, chini ya zulia pana shimo, na ndani ya shimo mna wanaume wenye tochi kichwani. Asubuhi moja mwana wa yaya, mvulana ambaye alikuwa bado na meno yake yote ya utoto, alitumwa kwa jirani kuomba makaa ya kuwashia mbabula, jiko letu. Akaingia jikoni kwa jirani, na sakafu ikafunguka chini ya miguu yake.

Wachimbaji wa mtaa mzima walikuja, pamoja na wale waliokuwa hawasemezani kwa ugomvi wa mashimo. Walichimba kwa zamu. Shemeji yangu, dereva wa malori makubwa ya madini, aliacha lori barabarani likiwa linanguruma na kuja kuchimba kwa mikono. Jioni wakamtoa mtoto kwa kamba. Alikuwa mwekundu kwa vumbi toka utosini hadi vidoleni, na alikuwa mzima. Hakuvunjika hata ukucha.

Lakini kutoka asubuhi hadi jioni ni mbali. Mchana watu walikwisha kusema kwamba mtoto amekufa. Wanawake wakaingia kwenye lupango, ua wetu, mmoja mmoja, mikono kichwani. Wakatandika mkeka sebuleni, wakamkalisha yaya. Wakamfungua nywele, wakamvua hereni, wakamfunga kitenge kimoja kikuukuu. Wakaanza kulia, naye akalia pamoja nao.

Na mama aliyekalishwa mkekani, kwetu, hainuki mwenyewe. Waliomkalisha ndio wanaokuja kumwinua, siku ya kuondoa matanga: wanamwogesha, wanamsuka, wanamvika kitenge kipya, wanamshika mikono na kumsimamisha. Hapo ndipo anaruhusiwa tena kujipaka mafuta, kuimba na kuonyesha meno mbele ya watu. Jioni ile, mtoto alipoletwa mlangoni akipiga chafya, wanawake walirukaruka na kupiga vigelegele hadi mbwa wa mtaa wakakimbia. Wakakunja vitenge vyao, wakaenda kuwapikia waume zao. Yaya akabaki mkekani. Nani angefikiria kuondoa matanga ya mtoto ambaye hakufa?

Simaanishi kwamba hakusimama tena. Alipika, alikwenda sokoni, alifua. Lakini aliporudi alikaa mkekani. Alikula mkekani, alilala mkekani, mtoto ubavuni. Kitenge kilikuwa kile kile. Kwaya ya kanisani aliacha. Viti vya sebuleni vikawa vya wageni tu. Sisi wengine tulisema amechoka, tukapunguza sauti, tukatembea kwa vidole. Hata redio tuliifunika kitambaa.

Mtoto naye hakuiamini tena ardhi. Kabla ya kukanyaga chumba chochote aliigonga sakafu kwa kisigino na kusikiliza, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba asiyoijua. Mara nyingi jibu halikumridhisha. Alipita juu ya viti, juu ya kitanda, juu ya migongo yetu. Alisema maneno machache, na hayo kwa kunong'ona.

Ndipo tukaanza kumpeleka Manika, mtaa mwingine wa mji wetu. Nyuma ya kanisa moja kule kulikuwa na chumba chenye sanduku kubwa la mchanga, na mwanamke mfupi mwenye viatu vya raba aliyesomea kuwasaidia watoto walioona mambo mazito. Tulikwenda kwa taksi-moto: dereva, mtoto, yaya, na mimi nyuma nikiwa nimeshikilia hewa. Mtoto aliipenda sana ile pikipiki, kwa sababu miguu yake haikugusa chini njia nzima. Tulipofika ilibidi tumbembeleze ashuke, na dereva alijua kuzunguka kanisa mara moja ya ziada bila kudai kitu.

Watoto walipokuwa mchangani, sisi wakubwa tulikaa barazani. Nilibeba kitabu kila mara na sikuwahi kukifungua, kwa sababu ya tata mmoja, yaani baba wa mtoto mwingine. Alikuwa Mkasai, mnene, muuza vipuri vya pikipiki. Babu yake aliletwa Katanga kuchimba shaba. Yeye, kwa maelezo yake mwenyewe, aliletwa duniani kula na kuchekesha watu. Binti yake alikuwa ameona lori likipinduka juu ya kibanda cha jirani yao, na tangu siku hiyo alijificha chini ya meza kila aliposikia breki.

Yule mwanamke wa chumba alikuwa na mazoea ya kutujia barazani kabla ya saa kwisha, watoto wakiwa wanachora, na kutuuliza sisi.

"Mama," akamwambia yaya, "uko nalala?"

"Eko nalala kidogo. Jana aliamuka, akaomba maji…"

"Siulizi mutoto. Niko nakuuliza weye."

Yaya akageuka kutazama nyuma yake, kana kwamba kulikuwa na "weye" mwingine amekaa pale ukutani.

Yule tata akamwokoa. "Uliza mi, mama! Mi niko nalala mpaka aibu. Bibi yangu anasema niko nakoroma kama lori mu mulima."

"Na machozi, tata? Unaiweka wapi?"

Tata akafuta jasho shingoni.

"Mu choo," akasema. "Njo mulango moja tu ya nyumba yangu yenye iko na funguo."

Mama mmoja akaangalia vidole vyake. Halafu tata mwenyewe akaguna.

"Sasa batoto balishajua. Nikikawia kidogo, banagonga: Tata, ulishamaliza kulia? Siye tuko nataka kuingia!"

Baraza lote likalipuka. Mama aliyeangalia vidole alicheka hadi akakohoa. Mimi nilimtazama yaya. Mkono wake wa kulia ulistuka pajani, ukainuka kidogo kama ndege anayesikia hatua, kisha ukatulia tena. Nilikwenda nyumbani siku hiyo na ule mkono kichwani. Ulikuwa bado hai!

Majuma yakapita. Siku moja yule mwanamke akamwita yaya ndani, na mimi nikasimama mlangoni. Alituambia kwamba mtoto amekubali kutuonyesha mchezo wake, ule ule anaoucheza kila akija. Mtoto alikuwa amepiga magoti juu ya kiti, akiinamia sanduku la mchanga. Alikuwa amepanga vizibo vya soda katika duara. Katikati aliweka kipande cha kitambaa, na juu ya kitambaa kizibo kimoja kikubwa. Halafu akachukua kizibo kidogo na kukifukia.

"Huyu mukubwa ni nani?" mwanamke akauliza.

"Mama. Eko ku mukeka."

"Na huyu mwenye uliweka chini?"

"Njo mi."

"Ulianguka mu shimo. Kisha balikutosha."

"Balinitosha," mtoto akakubali. "Lakini nilikufa."

Alisema bila huzuni, kama mtu anayetaja mtaa anakokaa.

"Nani alikuambia ulikufa?"

"Hakuna. Niko naona tu." Akagusa kile kizibo kikubwa kwa kidole. "Bado habajatosha kilio."

Kilio ndiyo matanga, katika Kiswahili chetu, na kutosha ni kutoa au kuondoa. Mtoto alikuwa ameona misiba ya kutosha mtaani kujua taratibu zake. Alihesabu mambo yalivyokuwa nyumbani: mama mkekani, nywele wazi, hakuna wimbo, redio imefunikwa, watu wanatembea kwa vidole. Aliyekosekana ni marehemu tu, na nafasi hiyo akajipa mwenyewe.

Yaya alitoka nje, barazani, akakaa chini kwenye saruji, kisha akajistukia na kuhamia kwenye benchi. "Mi njo nilimufanya vile?" aliuliza. "Mi mwenyewe?"

"Hapana, mama," yule mwanamke akasema, na akakaa karibu naye, bega kwa bega. "Weye balikukalisha. Kisha balikusahau pale. Mutoto, mi niko naye saa moja tu. Akirudi ku nyumba, eko naangalia uso yako, apate kujua mambo iko namna gani. Mukeka, mi sina dawa yake. Bale batu balikukalisha, beko wapi?"

Yule tata mnene alikuwa amesikia kila kitu, kwa sababu hakujua kutosikiliza. "Kumbe hakuna mwenye alikuinua?"

"Baniinue sababu ya nini?" yaya akasema. "Mutoto ni muzima."

"Lakini weye, mama?"

Ilikuwa mara ya pili yaya kuulizwa kitu hicho hicho kwenye baraza ile, na safari hii hakugeuka kutazama nyuma.

Nyumbani, niliposema tuondoe matanga ili yaya ainuliwe, shemeji alikataa. Alisimama katikati ya sebule na nguo zake za kazi, fundo la kamba za viatu likiwa limefunguka nusu. "Kutosha kilio ya mutu muzima? Munataka kumuita kifo?" Kucha zake zilikuwa zimeota upya tangu siku ile ya kuchimba, lakini bado aliendesha lori na dirisha wazi hata mvua ikinyesha, kwa sababu hakuvumilia kufungiwa mahali. Yeye naye hakuna aliyewahi kumuuliza kama analala.

Nikampigia simu dada yake mkubwa, shangazi wa mtoto, kule Sandoa anakolima mihogo, nikaweka sauti juu ili shemeji asikie. Nilimweleza yote. Upande wa pili kuku walilia, halafu shangazi akaanza.

"Weye kaka yangu, nani alikuambia kilio ni ya maiti? Maiti haikai ku mukeka! Ni bazima njo banakaa! Niko nakuja. Mutafute jogoo. Na weye bibi yangu," hivyo ndivyo anavyomwita mke wa kaka yake, kama mashangazi wote wa kwao, "usijiinue mbele sijafika. Nikikuta ulisimama, nitakurudisha chini!"

Shemeji akatazama simu, akatazama viatu vyake. "Alikuwa vile tangu mudogo," akasema, na akaenda kutafuta jogoo.

Shangazi alifika akiwa amepakiwa juu ya mifuko ya unga wake mwenyewe, vumbi la barabara limemfanya kahawia hata kope. Kabla ya kunawa alinituma nyumba kwa nyumba kuwaita wanawake wote waliokuwa wamekaa na yaya siku ile. Walikuja wakicheka kwa haya kidogo, kama watu waliosahau mtoto wa wenyewe sokoni. Walimchukua yaya nyuma ya nyumba, wakazungusha vitenge, wakamwogesha. Nilisikia maji na mabishano.

"Sabuni inaingia mu macho!"

"Fumba macho basi, bibi yangu. Unaona mugongo hii? Ilikauka kama samaki ya Kasenga!"

Walimsuka. Walimpaka mafuta hadi akang'aa. Walimvika kitenge cha manjano chenye ndege, kipya, ambacho kilikwaruza kwa wanga alipotembea. Kwa muda huo sebule ilijaa. Kulikuwa na bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, kulikuwa na yule jogoo ndani ya mchuzi, na madumu ya munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, ambacho shemeji alikionja mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Yule mwanamke wa Manika alikuja na viatu vyake vya raba. Tata mnene alikuja na binti yake, mke wake, na sahani yake mwenyewe, kwa sababu alisema sahani za watu wengine ni ndogo. Mtoto alikuwa juu ya kiti, amekunja miguu chini yake kama kuku anayeatamia.

Walimrudisha yaya mkekani kwa mara ya mwisho. Shangazi akashika ncha moja ya mkeka.

"Huyu mama tulimukalisha siye benyewe. Leo tunamuinua siye benyewe. Mwenye eko na neno, aseme, kisha tukule."

"Munatosha kilio ya nani?"

Ilikuwa sauti ya mtoto. Haikuwa mnong'ono. Chumba kizima kikamgeukia, na shemeji akaweka bilauri chini.

Yaya akamtazama mwanawe, na akajibu mwenyewe. "Ya mama yako. Naye alikuwa mu shimo."

Mtoto akafikiri. "Alikuwa na tochi?"

"Hapana."

"Hata mi sikukuwa nayo." Akafikiri tena. "Beko namutosha na kamba?"

"Na mikono. Angalia muzuri."

Wakamshika, wanawake wale wale, na kumnyanyua. Shangazi akauvuta mkeka chini ya miguu yake kabla haujabadilisha mawazo, akaukunja, akautupa dirishani. Vigelegele vikapanda. Mtu akaondoa kitambaa kwenye redio.

Hapo yule tata mnene akaingia katikati na kucheza. Nisingependa kupunguza chochote: alicheza kwa tumbo, kwa mashavu, kwa masikio. Kila aliporuka, vikombe kabatini viligongana. Mtoto hakumtazama usoni. Alitazama sakafu chini ya miguu ya tata, pale penyewe ulipokuwa mkeka, akisubiri.

Sakafu ikakaa.

"Tata," mtoto akasema, "ruka tena."

"Nitaruka, bwana!"

"Ruka na pale. Karibu ya mulango."

Tata akaruka karibu na mlango.

"Na pale ku kona."

"Weye mutoto, unataka nizae leo?" Lakini akaenda kwenye kona, akapumua, akaruka, na rangi ikabanduka kidogo ukutani. Binti yake, aliyekuwa chini ya meza kwa mazoea tu, alitoa kichwa kumpigia makofi.

"Na tata yangu," mtoto akasema. "Yeye naye."

Shemeji alisimama. Nilijua alichokuwa anaogopa, na nilijua kwamba alijua kuwa tunajua. Alishika suruali yake magotini kama mtu anayevuka maji, akaruka katikati ya sebule yake mwenyewe. Akaruka tena. Mara ya tatu alikuwa anacheka, machozi yakimshuka mbele ya watu wote, bila mlango wala funguo.

Mtoto akateremsha mguu mmoja kutoka kitini, kisha wa pili. Akasimama juu ya saruji. Akapita katikati ya wachezaji hadi kwa mama yake aliyekuwa kwenye kiti, kiti cha kweli chenye miguu minne, akasimama karibu naye.

Sisemi alipona siku ile. Tuliendelea kwenda Manika hadi mvua zilipoisha, na hadi leo haingii jikoni kwa mtu asiyemjua. Barazani waliongeza benchi, kwa sababu akina baba walianza kuja, na shemeji akawa mmoja wao. Alijifunza kujibu lile swali kuhusu usingizi, na mara nyingine alijibu kwa urefu hadi tata mnene akamwomba amwachie na yeye dakika.

Lakini alasiri ile, mtoto akiwa bado karibu na mama yake, yule tata alipokuwa akirudi kutoka kwenye kona, alikanyaga ganda la ndizi. Hakuanguka. Alipepesuka chumba kizima, mikono hewani, akipita mbele ya kila mgeni na kumwomba radhi mmoja mmoja, hadi alipoketi kabisa mapajani mwa shangazi wa Sandoa.

"Tata!" shangazi akapiga kelele kutoka chini yake. "Mi sikuambiwa na miye niko nakalishwa!"

Na yaya akacheka. Kilitoka mbali, kikaanza kama kikohozi, halafu kikafunguka chote. Nikaona ule mkono ukipanda. Sote tuliomjua tuliinama. Mtoto pekee hakuinama, alikuwa amesahau, na kofi likamshukia begani, pah!

"Aïe! Mama! Inauma!"

"Inauma?" yaya aliuliza, macho yamemtoka.

"Inauma sana!"

Kicheko kikamjia upya, kikubwa zaidi. Akainua tena mkono, na mtoto akauona. Akakishika kiti kimoja kilichokuwa karibu kwa mikono miwili, akakiburuta juu ya saruji hadi upande wa pili wa sebule, mahali ambapo sisi wengine tulikuwa tumekwisha kujipanga. Njia nzima hakugonga sakafu. Akakaa kati yangu na baba yake, akasugua bega lake, akapima kwa macho umbali hadi kwa mama yake, halafu akasogea nyuma kidogo tena.